Nimehesabu meseji za wanafunzi nimepotea – kuna programu ya kusoma mijadala yao ya gurupu?

MwalimuKisauni aliandika:

Salaam wana baraza. Nafundisha mambo ya mazingira kwa chuo kimoja hapa Mombasa, wanafunzi wa diploma, darasa lina watu 52. Tangu ile korona ya 2020, shule zilipofungwa mwezi wa tatu, tukajizoesha kufanya kazi za gurupu kwa WhatsApp na hata tuliporudi darasani hatukuiacha, manake wengine wavuka feri kutoka Likoni, wengine wako Mtwapa, wengine wafanya kazi mchana, kuwakusanya mahali pamoja ni kazi ya Firauni. Muhula huu nimewagawa magurupu 11 nikawapa swali moja: kwa nini visima vingine hapa kwetu maji yana chumvi na vingine ni matamu, na nini kifanyike. Wiki tatu wajadili, mwisho waniletee ripoti ya kurasa tano.

Ripoti nimepata zote. Nzuri, zimenyooka, zingine zimenyooka mpaka naona mkono wa akili unde ndani yake, kwa hivyo ripoti peke yake siiamini tena. Ninachotaka kujua ni walifikaje pale. Nani alileta wazo, nani akalipinga, nani akalitengeneza, na nani alikaa tu akingoja jina lake liandikwe kwa kava. Niliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba nitakuwa ndani ya magurupu, wakakubali, na mwisho nikahamisha chat zote zikawa mafaili ya maandishi. Meseji 4,100 na ushee. Gurupu la kwanza nimelisoma lote usiku mmoja nikalala saa nane. Bado kumi.

Nikasema basi nihesabu. Nikamwaga kila kitu kwa Excel, jina na idadi ya meseji. Aliyeshinda darasa zima ana meseji 311, mashallah. Nikazifungua: "gudmoni familia", stika, stika, "tuko pamoja", "nani ana bando anirushie", stika. Na kuna msichana mmoja gurupu la saba ana meseji tisa tu wiki zote tatu, na mbili kati ya hizo tisa ndizo zilizogeuza mjadala mzima. Wacha niwabandikie mujionee, majina nimetoa:

A: maji ni ya chumvi juu bahari iko karibu, hiyo iko wazi
B: apo sawa
C: kwetu likoni kisima kiko karibu na bahari kuliko cha kina A na maji matamu tu
A: wapi!! labda mwaweka dawa
C: hatuweki kitu. lkn sisi twateka kwa ndoo. kina A wameweka pampu na wanauzia mikokoteni siku nzima
D: 😂😂
A: eeh. kwa hivo si ukaribu ni vile mnayavuta
B: sawa
E: 👍👍

C ndio yule wa meseji tisa. Na kweli, ndivyo mambo yalivyo: maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, ukiyavuta kwa pupa ya chumvi yanapanda. Hilo skuwafundisha mimi, walilifikia wenyewe. Excel inanambia C ni wa 49 darasani.

Nikajaribu pia hizi programu za akili unde za kuongea nazo. Nikaibandikia chat ya gurupu la saba nikauliza nani kachangia kiasi gani, ikanipa jedwali safi lenye asilimia, nikafurahi. Kesho yake nikauliza swali lile lile, chat ile ile, C kapanda kutoka asilimia 10 hadi 30. Nikafunga laptopu nikaenda zangu kunywa kahawa.

Sasa swali: kuna njia ya kweli ya kufanya kitu hiki kwa kompyuta, na kwa hiki Kiswahili chetu kilichochanganyika kila kitu ndani? Mimi si mtaalamu, Excel ndio mwisho wangu.

kahawa_tungu alijibu:

Mwalimu huo si usomaji huo ni upelelezi 😂😂 Zamani mwalimu alizunguka darasani akiangalia macho tu ashajua nani hafanyi kitu. Muite mmoja mmoja dakika tano, muulize kisima cha Likoni ni kitamu kwa nini, asiyejua atajitokeza mwenyewe. 52 mara tano, masaa manne na dakika ishirini, ukianza saa mbili asubuhi adhuhuri ikiadhiniwa ushamaliza. Wataka kompyuta ya nini?

MwalimuKisauni alijibu:

@kahawa_tungu hiyo ntafanya pia wallahi. Lakini nikimhoji ntajua anajua nini leo, sitajua alijuaje wala nani alimsaidia kujua. Na hilo ndilo nafundishia kwa gurupu, lau si hivyo ningewapa kila mtu swali lake akajifungie.

BintiTudor alijibu:

Mwalimu usikate tamaa, swali lako watu wamelihangaikia miaka mingi na karibu wote huanzia hapo ulipoanzia wewe, kuhesabu, na hupotelea hapo hapo. Mimi masta yangu ilikuwa kwenye jambo la karibu na hili (mijadala ya Moodle, ile programu ya masomo ya mtandaoni, sio WhatsApp) kwa hivyo ntakwambia nilichojifunza kwa machozi.

Kompyuta haijui mjadala mzuri ni upi. Wewe ndio wajua. Kwa hivyo kabla ya programu yoyote lazima uamue wewe mwenyewe wataka kuona nini kwenye meseji, uzipe lebo. Si lazima uanze na karatasi tupu, kina Garrison kule Kanada mwaka 2001 waligawanya fikra za watu wanaojadili hatua nne: jambo linalozua swali, kutafutatafuta, kuunganisha mawazo, na kufikia suluhisho. Sasa rudi kwa chat yako. C alipoleta kisima cha Likoni ndipo swali lilipozuka. "Labda mwaweka dawa" ni kutafuta, japo kwa ubishi. Na "kwa hivo si ukaribu ni vile mnayavuta" ndiko kuunganisha kwenyewe. Umeona ni nani aliyesema hilo la mwisho? Ni A. Wewe umempenda C na ana haki yake, lakini ukimpa C maksi zote umemdhulumu A, manake kuacha msimamo wako mbele ya wenzako dakika tatu baada ya kusema "hiyo iko wazi" si mchezo, watu wazima wangapi wanaliweza hilo.

Ukishapata lebo zako, tafuta mwalimu mwenzio. Kila mmoja akae peke yake mubandike lebo kwa meseji 300 zile zile bila kuchunguliana, halafu mulinganishe. Na usihesabu tu mumekubaliana mara ngapi, kwa sababu kama nusu ya meseji ni "sawa" na stika mutakubaliana hata mkifumba macho. Kuna kipimo chaitwa kapa ya Cohen, kipo tangu 1960, kazi yake ni kutoa yale makubaliano ya bahati. Sifuri ni bahati tupu, moja ni mumekubaliana kabisa. Mimi na mwenzangu mara ya kwanza tulipata 0.41 tukaanza kutupiana lawama, kumbe shida ilikuwa lebo zetu, hatukuwa tumeandika vizuri "kutafuta" ni nini na "kuunganisha" ni nini. Tuliziandika upya mara tatu.

Hapo sasa ndipo mashine inaingia. Waipa zile zilizobandikwa lebo, yajifunza, yabandika zilizobaki. Carolyn Rosé na wenzake wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani walichapisha kazi ya namna hii mwaka 2008, wakitumia mijadala ya wanafunzi wa Ujerumani, na programu yao waliiita TagHelper, iliundwa kusudi kwa watu wasiojua kuandika kodi. Miaka minane baadaye, 2016, Kovanović na wenzake wakachukua meseji 1,747 za kozi moja ya mtandaoni ya chuo kikuu cha Kanada wakaifundisha mashine zile hatua nne za Garrison, ikafika kapa ya 0.63. Na cha kupendeza, mashine ile haikutegemea maneno peke yake, ilitazama pia meseji ni ndefu kiasi gani, iko wapi kwenye mlolongo, na inafanana vipi na iliyotangulia na inayofuata. Lakini usifurahi sana, wale ni watu wa masta wanaandika aya nzima nzima kwa Kiingereza. Wako ni "apo sawa".

Wale walionikaa moyoni zaidi ni wa Bucharest, Romania, kina Trăușan-Matu, walitengeneza programu yaitwa PolyCAFe. Swali lao ni lako kabisa. Kwenye chat yao mwanafunzi aweza kuonyesha meseji hii yajibu ipi, kwa hivyo programu inafuata wazo vile unavyofuata sauti moja kwenye kwaya, nani kaianzisha, nani kaitikia, nani kaipinga mpaka ikatoka nyingine. Fikra waliitoa kwa Bakhtin, yule Mrusi wa mambo ya fasihi, aliyeshikilia kwamba ndani ya maneno ya mtu mmoja huwa mna sauti za wengine.

Na hapa ndipo WhatsApp inakuangusha: ile ya kuvuta meseji kando ukaijibu, ukihamisha chat kwenda faili la maandishi inapotea. Inabaki meseji tupu, hujui yajibu nini. Muhula ujao waambie wataje, "@C kuhusu pampu", hivyo hivyo tu, utaokoa siku mbili.

mtoto_wa_majengo alijibu:

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu kama wewe (sio wewe nadhani 😅) na ntakwambia kitu ambacho hao wa Kanada na Romania hawawezi kukwambia. Tulijua tunahesabiwa. Kwa hivyo tulikuwa na magurupu mawili, moja lina mwalimu na moja halina. Lile la mwalimu tulikuwa twaongea kama watangazaji wa redio, "nakubaliana na mchango wa mwenzangu kwa sababu", mtu anaandika hivyo huku anacheka. Kazi yenyewe ilikuwa kwa lile lingine, na huko hakuna aliyekuwa anaandika, ni meseji za sauti dakika tatu tatu, mtu yuko kwa matatu yuwaongea huku konda yuwapiga kelele.

Halafu tulikuwa na jamaa mmoja simu yake kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina WhatsApp kabisa. Huyo ndio alikuwa kichwa. Tulikuwa twakutana baada ya taraweh (ilikuwa Ramadhani) pale kwa mama wa viazi karai, yeye anatueleza, sisi twala, na msichana mmoja anaandika yote kwa simu yake. Mwisho wa muhula yule msichana akasifiwa mbele ya darasa, jamaa akaambiwa hakushiriki. Alinyamaza tu. Msichana alijaribu kusema ukweli, mwalimu akaona ni huruma. Mpaka leo wakikutana twawatania, lakini jamaa kozi hakuimaliza, ijapo si kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa hivyo mwalimu mashine yako itasoma kilichoandikwa. Nani alikifikiria, hiyo haijui.

BintiTudor alijibu:

@mtoto_wa_majengo ngumu hiyo. Na ni kweli, kwenye masta yangu nililiandika hilo mstari mmoja tu mwisho kabisa, sehemu ambayo hakuna anayesoma.

Ami_Data alijibu:

Nimewasoma wote, mumesema vizuri, ila mumeipita lugha kama mwapita Makupa usiku, na lugha ndio itakayomtoa mwalimu jasho.

Chukua neno moja tu, elewa. Ukiiambia kompyuta itafute walioelewa kwa kutafuta "elewa" itakuletea nimeelewa, sijaelewa, hatuelewani, umeelewekaje na nieleweshe, zote kapu moja, aliyefahamu na aliyezama. Kiingereza kanusho ni neno lake peke yake, laonekana. Kwetu sisi limejificha ndani ya kitenzi, herufi mbili tu hapo mbele. Na Mombasa ndio zaidi, mtu haandiki sikufahamu, aandika "skufahamu", na nimeshafahamu yake ni "nshafahamu". Macho yako yanaona tofauti bila kufikiri, mashine iliyofunzwa Kiswahili cha magazeti inaona takataka mbili zinazofanana.

Alafu angalia hiyo chat ya kisima. "Juu bahari iko karibu". Huyo A anatoa sababu, juu ni "kwa sababu" ya vijana, na sababu ndiyo dhahabu unayoitafuta kwenye mjadala, lakini mashine itafikiri anaongelea mahali pa juu. "Wapi!!" si swali la mahali, ni kukataa. "Sawa" ya B yaweza kuwa nimekubali, yaweza kuwa nimechoka na nyinyi, yaweza kuwa nimeona tu meseji msiseme skuona. Na kali kuliko zote, huyo C ameandika ndoo akimaanisha ndoo ya maji, lakini nakuhakikishia kwenye magurupu yako kuna mtoto wa Mji wa Kale ameandika "ndoo kwa gurupu tumalize" akimaanisha njoo. Mimi nilipitisha sentensi kama hiyo kwenye programu ya kutafsiri ikanitolea ndoo ya maji kweli kweli. Kwa hivyo wale watakaokushauri utafsiri kwanza kwa Kiingereza ndio uchambue, usiwasikize.

Modeli zinazojua Kiswahili, yani mashine zilizosomeshwa lugha kwa maandishi mengi, zipo, tusidanganyane. Ile XLM-R ya 2019 ilisomeshwa lugha 100 na Kiswahili kimo. AfriBERTa ya 2021 ni ya lugha 11 za Afrika peke yake, na ilisomeshwa maandishi yasiyofika hata jigabaiti moja, ikafanya vizuri. Lakini maandishi mengi yake ni ya habari za BBC. Yani ni kama umemchukua mtu aliyejifunza Kiswahili kwa taarifa ya habari ukamtupa soko la Kongowea saa kumi na moja alfajiri. Atafahamu, lakini mpe muda umzoeshe.

Kuna pia data ya AfriSenti ya 2023, twiti za lugha 14 na Kiswahili kimo, zimebandikwa lebo za uzuri na ubaya wa hisia. Watu hukimbilia hiyo wakidhani gurupu lenye furaha ndilo linalosoma. Ukiipima chat yako kwa kipimo hicho "wapi!!" itakuwa doa baya na 👍👍 ya E itakuwa nyota, na ukweli ni kinyume, bila ile wapi C asingelazimika kueleza habari ya pampu.

Ushauri wangu: fanya alivyosema BintiTudor, lebo kwanza kwa mkono. Pembeni andika orodha yako ya maneno, skufahamu ni sikufahamu, apo ni hapo, juu ya sababu, kwa hivo, lkn, mia hivi yatatosha. Usiwasahihishe wanafunzi, sahihisha kopi unayoipa mashine tu. Kisha nitumie nikusaidie kuifunza, mimi jioni niko.

wakili_mdogo alijibu:

Ngoja kidogo. Mwalimu ulisema uliibandika chat ya wanafunzi kwenye programu ya akili unde ya mtandaoni. Na majina yao? Na nambari za simu? Kwa wale ambao hawajahifadhiwa kwenye simu yako, faili la WhatsApp linatoka na nambari badala ya jina. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na Kamishna wake yupo. Kukubali uwe ndani ya gurupu sio kukubali maneno yao yapelekwe kwa kampuni isiyojulikana seva yake iko wapi. Waandikie karatasi ya ukurasa mmoja, useme utafanya nini na nini hutafanya, anayekataa meseji zake zitoke na asipoteze maksi. Kama kuna wa chini ya miaka 18 basi idhini ni ya mzazi au mlezi. Na huyo Ami_Data umtumie vipi? Badilisha majina yawe namba KABLA hujamtumia mtu. Ukija kutaka kuichapisha kama utafiti kuna pia kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya mambo ya sayansi.

MwalimuKisauni alijibu:

@wakili_mdogo umenishika. Majina yalikuwemo, nambari pia. Nimelala vibaya leo kwa ajili yako. Karatasi ntaiandika Jumatatu.

kahawa_tungu alijibu:

Mimi nilisema mumhoji mtu dakika tano mukanicheka

MwalimuKisauni aliandika, baada ya wiki tano:

Wenzangu narudi na habari, samahanini nimekawia, mitihani.

Karatasi waliweka saini 50. Wawili walikataa na meseji zao nimezitoa, ingawa sasa kuna mahali mtu anamjibu mtu ambaye hayuko, yaonekana kama yuwaongea na jini. Mimi na mwalimu mwenzangu wa kemia tukakaa na meseji 300 tulizozichukua huku na huku kwa magurupu yote. Kapa ya kwanza 0.38. BintiTudor nilikukumbuka. Tuligombana hasa kwa "sawa", yeye anaiita kukubali, mimi naiita kelele, mpaka tukapatana kwamba sawa peke yake si kitu, lakini sawa inayofuatwa na wazo kutoka kwa mtu yule yule ndiyo tunaihesabu. Mara ya pili 0.66. Ami_Data akaifunza mashine, tukaipima kwa meseji ambazo haikuwahi kuziona, ikapata 0.52. Alisema kwa chat fupi kama hizi na mifano michache hivyo tushukuru Mungu.

0.52 siwezi kumpa mtu maksi nayo, na skumpa. Nilichofanya ni hiki: iliniwekea alama mahali ilipodhani mtu anatoa sababu au anaunganisha, ikawa ni sehemu 140 hivi. Hizo nikazisoma mwenyewe kwa macho yangu na meseji kumi kabla na kumi baada. Siku mbili nikamaliza darasa zima. Nyingi ilikosea, sehemu moja iliona "juu" nikaenda mbio nikakuta ni "niko juu ya paa nashika netiweki". Lakini gurupu la saba iliniwekea alama pale pale, kwa C na kwa A.

Gurupu la nne likatoka sifuri. Hakuna sababu, hakuna kuunganisha, sawa juu ya sawa. Nikasema hawa ndio wavivu wangu. Kisha nikakumbuka maneno ya mtoto_wa_majengo, nikarudi kwa faili nikahesabu ile mistari inayosema hapa kulikuwa na kitu cha sauti au picha ambacho hakikuhamishwa. 212. Nikawaita. Watatu kati yao wanafanya kazi usiku bandarini, hawana muda wa kuandika, wanaongea. Wakanichezea meseji mbili za sauti hapo hapo ofisini na ya pili mtu anabishana na mwenzake kuhusu kina cha kisima na ile hali ya maji kupwa na kujaa, mjadala mtamu kuliko wa saba. Mashine ingewazika wazima.

C nilimwita pia, nikamwonyesha zile meseji zake mbili. Akaona haya. Akasema, "mwalimu mimi nilikuwa nabisha tu, manake A anajifanya anajua, na maji yale nateka mimi kila asubuhi." A naye nikamwambia kilichonifurahisha ni kwamba aligeuka. Alishangaa kidogo, alidhani namwita kumlaumu.

Swali langu sasa ni hizo sauti. @Ami_Data kuna kitu cha kuzigeuza maandishi kikafahamu Kimvita, hiki Kiswahili chetu cha Mombasa, cha mtu aliye kwa matatu?

Ami_Data alijibu:

Vya Kiswahili vipo, cha Kimvita ndani ya matatu na konda yuwapiga kelele sijakionja. Waombe gurupu la nne idhini yao, wakikubali nitumie kumi tujaribu. Na mwanzoni mwa kila moja waseme wanamjibu nani.

kahawa_tungu alijibu:

Na zile mahojiano za dakika tano ulifanya?

MwalimuKisauni alijibu:

Nilifanya. Yule wa meseji 311 alijibu vizuri sana, kumbe alikuwa anasoma za wenzake zote. Mpaka sasa sijui nimweke wapi.